Rangi Isiyotoka kwa Mvua

Alhamisi, 3 Desemba 1998. Mutsamudu

Nimefika, na mwili wote unanuka vitunguu. Saa kumi na nne juu ya boti ya mizigo, katikati ya magunia, pamoja na mbuzi wawili walionitafunia mpini wa kikapu. Lakini mkutano mkuu wa Jumuiya ya Rangi ni Jumamosi, na katibu asiyefika mkutanoni ni katibu wa nini? Soulé, mpakaji rangi wetu, kabaki kwao Itsandra. Kasema hakanyagi Ndzuani, kisiwa kilichojitenga na vingine viwili, mpaka kirudi chenyewe. Muoga mkubwa.

Zaitoun kanipokea bandarini, shiromani jekundu, vazi la wanawake wa Ndzuani, kichwani, msindzano wa msandali usoni, ananiita bweni, yaani bibi, na kucheka mpaka makuli wakageuka.

"Bweni Djaouharia! Nyinyi wa Moroni bado mnaruhusiwa kuja kwetu?"

"Nani wa kuniruhusu? Nimekuja mkutanoni, sijaja kuposa."

Naandika kwa Kiswahili cha marehemu mama, alichonilea nacho Malindi ya Unguja kabla hatujarudi kwetu mwaka sitini na nane. Moroni wanaokisoma ni wachache. Nataka pahali pa kuwasema watu bila kugombana nao.

Ijumaa, 4 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Chadhouli, mwenyekiti, kaniagiza niandike historia ya Jumuiya na malengo yake, kurasa mbili tu, zisomwe kesho. Mwalimu wa fizikia haamini kitu kirefu kuliko kanuni. Yeye ni mzaliwa wa hapa Mutsamudu, ila amefundisha Moroni miaka ishirini, na nusu ya vijana wa mtaani kwetu wamepita mikononi mwake.

Nimeandika hivi. Mwaka 1989, mji huu huu, Zaitoun alitia rangi kitambaa cha harusi. Dukani, chini ya taa ya tyubu, kililingana sawasawa na joho la bwana harusi. Kilipotoka juani, kitambaa kikawa zambarau na joho likabaki buluu. Upande wa bibi harusi wakasema wametukanwa. Chadhouli, aliyekuja likizo, akasema kosa si la mtia rangi, ni la taa. Soulé, aliyekuwa juu ya ngazi anapaka nyumba ya jirani, akashuka kusema kosa si la taa, ni la ukuta. Mimi nilikuwa mwalikwa tu, mwalimu wa kuchora kutoka Moroni, nikasema kosa ni la watu wasiojua buluu inaishia wapi. Tulibishana mpaka pilau ikapoa. Siku hiyo ndiyo Jumuiya ilipozaliwa.

Malengo ni matatu. Kukusanya majina ya rangi za visiwa vyote na vitu vinavyozitoa. Kuwakalisha pamoja watu ambao kila mmoja anaijua rangi kwa kazi yake: mtia rangi nguo, mpakaji rangi, mwalimu wa mwanga, mganga wa majani, fundi wa chuoni, mwalimu wa Kurani, anayechemsha wino. Na kuwafundisha watoto kwamba jicho hufunzwa, kama ulimi unavyofunzwa. Soulé aliwahi kutaka la nne, kupata kazi za serikali. Tulimzomea.

Nimesoma mara tatu. Nimejipenda.

Jumanne, 8 Desemba

Siku tatu sikugusa kalamu.

Jumamosi mkutano ulianza saa tatu asubuhi uani kwa Zaitoun, kati ya mapipa ya rangi. Tulikuwa watu kumi na saba. Nilikuwa nimefika lengo la pili, pale pa kuwakalisha watu pamoja, ndipo risasi zikaanza upande wa bandarini, kisha juu mlimani, kisha pote. Wanaopigana si Moroni na Mutsamudu. Ni watu wa kujitenga wenyewe kwa wenyewe, kila kundi linasema jingine limekiuza kisiwa.

Karim, mdogo wake Zaitoun, kuli wa bandarini, alikuwa amekaa karibu na mlango kwa sababu mikutano yetu humchosha. Alisimama kutia komeo. Risasi ilipita katikati ya ubao ikamwingia shingoni. Alirudi kinyumenyume hatua mbili, akakaa chini taratibu, akamtazama dada yake kwa mshangao. Zaitoun alikamata kitambaa cha kwanza kilichokuwa karibu, kile cha sampuli zetu, vipande arobaini vilivyoshonwa pamoja, akambana nacho. Kikalowa chote. Nilishika miguu ya Karim, ilikuwa inapiga sakafu, na nilikuwa napiga kelele asinyamaze, aseme kitu. Hakusema. Ilichukua kama nusu saa. Sikujua mtu anaweza kufa polepole hivyo huku watu kumi na sita wanamtazama.

Baadaye kombora liliangukia paa la jikoni. Mapipa mawili yakapasuka, buluu na kahawia ya maganda ya mkoko ikafurika ua mzima, tukawa tunatambaa ndani yake. Mzee mmoja wa Ouani, mganga wa majani, alikatwa mkono na bati na akafa Jumapili kabla ya adhuhuri. Nje mtu alilia kwenye kichochoro, akiomba maji kwa jina la mama yake. Hakuna aliyetoka. Mimi pia sikutoka. Kulipokucha Jumapili alikuwa kimya.

Maiti wa Kiislamu hulala nyumbani masaa, hawa walilala siku. Tuliwaosha kwa maji ya mvua ya paani. Leo asubuhi kukawa na utulivu wa saa moja, wanaume wakabeba majeneza mbio. Mmoja wa wachukuzi alipigwa mguuni. Walilishusha jeneza, wakambadilisha, wakaendelea kukimbia. Nililiona hilo kwa macho yangu kupitia ufa wa dirisha, na Zaitoun aliliona pamoja nami.

Yeye hajalia. Mikono yake ni ya buluu mpaka viwikoni na haitaki kutoka.

Alhamisi, 10 Desemba

Wakati wa kula Chadhouli kasema sentensi moja tu. "Nimewafundisha watu mwanga miaka ishirini." Kisha akasukuma sahani.

Jumamosi, 12 Desemba

Nimemwambia Zaitoun aje Moroni. Kakataa. Nikamwambia tena baada ya adhuhuri, tena baada ya alasiri. Mimi nikishika jambo ni kama kupe.

"Moroni nitakuwa nani?"

"Mtu. Mtia rangi. Mwanachama mwasisi."

"Nitakuwa Mndzuani, dada yangu. Huko kwenu sasa hivi hilo likishatajwa, vyeo vingine havihesabiwi."

"Kwetu hakuna bunduki! Kaa hapa basi usubiri risasi yako."

Lilinitoka kabla sijalipima. Aliangalia mlango wenye tundu. Kisha akaenda kufunga nguo zake, na nikaona aibu, lakini nikafurahi kwamba nimeshinda.

Jumatatu, 28 Desemba. Moroni

Ramadhani. Zaitoun kapanga chumba nyumba ya nne kutoka kwangu. Kwangu alikataa kukaa. Kasema mgeni wa siku nyingi hunuka. Chadhouli naye karudi kwake, mtaa huu huu. Mvua.

Jumatano, 6 Januari 1999

Mkutano wa kwanza tangu yale. Tulikuwa wanne tu, nyumbani kwangu, kabla ya kufuturu. Nilisimama nikasema Jumuiya haitakufa uani kwa Zaitoun. Tutafanya kazi kubwa kuliko zote: majina ya rangi katika mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, sisi Wangazidja wenyeji, Wandzuani na Wamwali wa visiwa vya pili. Vipande ishirini vya kitambaa, kila mtu aseme kila kimoja anakiitaje. Mwishoni tutachapisha, na kila mwanasiasa atauona ushahidi kwamba macho ya visiwa hivi ni mamoja.

Tatizo lilikuwa kutorudia nyumba, na kujua daftari gani lifunguliwe wapi, maana maswali ya Kindzuani na ya Kingazidja hayafanani. Mimi ndiye niliyesema tutie alama kwenye mwimo wa mlango: nyekundu kwa nyumba ya Wangazidja, manjano kwa Wandzuani, kijani kwa Wamwali. Naandika hapa kwamba wazo ni langu, asije mtu kunidhulumu.

Kila mmoja akaongeza ujuzi wake. Chadhouli: manjano iwe kali, hiyo ndiyo jicho huiona kwanza, hata mvua ikinyesha, hata kiza kikianza. Soulé: rangi ya mafuta, mikono miwili, siyo ya maji, mvua za kashkazi hii zitaiosha kwa wiki. Mimi: mwimo wa kulia, kimo cha kifua, mstari wa shubiri moja, ulionyooka.

Zaitoun alikuwa anapepea mkaa. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," kasema.

Tulicheka wote. Na yeye alicheka.

Alhamisi, 14 Januari

Tumeanza. Nyumba tisa. Mstari wa kwanza wa manjano nimeupaka mimi mwenyewe mlangoni kwa Zaitoun, kwa kufungua kazi. Alinishikia kopo.

Jumanne, 19 Januari

Idi. Biskuti za Zaitoun zimeshinda zangu, na nimekiri mbele ya mashahidi.

Jumapili, 7 Februari

Nyumba mia moja sitini na saba. Nyekundu mia moja na kumi na mbili, manjano arobaini na sita, kijani tisa. Soulé anapaka kwa rula, ulimi nje. Watu wanatupenda. Bibi mmoja, kipofu wa jicho moja, alikishika kipande cha kumi na moja akasema hiyo ni rangi ya bahari pale mtu asipofika chini kwa miguu. Siku mbili baadaye bibi mwingine, mzaliwa wa Ndzuani, akasema maneno hayo hayo. Niliruka barabarani. Chadhouli kasema mara mbili si ushahidi. Lakini alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu Desemba.

Jumanne, 9 Februari

Nimesema redioni! Dakika kumi na tano. Mtangazaji kauliza, hizo alama mitaani ni za nini, watu wanadhani ni za dawa ya mbu. Nikaeleza kila kitu kwa ufasaha: nyekundu ni nani, manjano ni nani, kijani ni nani, kwa nini mwimo wa kulia. Nikataja historia na malengo yote matatu. Kutoka studio mpaka nyumbani nimesimamishwa na watu saba.

Jumatano, 10 Februari

Mvua. Mafua.

Ijumaa, 26 Februari

Wanaume wa bangweni, pale uwanjani wanapokaa alasiri, wameanza kumwita Chadhouli "Manjano". "Haya, Manjano, lini mnaondoka?" Yeye huwaamkia kama kawaida. Nilisimama nikawatukana mpaka mmoja akashika tasbihi. Chadhouli kaniomba nisirudie. "Ni wanafunzi wangu, bweni. Mizaha tu."

Jumamosi, 13 Machi

Mtu kamtemea Zaitoun mate sokoni. Hakuniambia, nimeambiwa na muuza samaki. Nilipomwendea nikamkuta amevaa leso ya kawaida. Shiromani amelikunja chini ya godoro.

"Ulivue kwa sababu ya mshenzi mmoja?"

"Hakuwa mmoja."

Jumapili, 28 Machi

Idi kubwa. Wandzuani wengi wameswali nyumbani.

Jumanne, 20 Aprili

Wakubwa wa visiwa vyote vitatu wamekwenda ng'ambo, Antananarivo, kusuluhisha mambo ya kujitenga. Mji mzima umeinamia redio. Mvua za mwisho hizi, zinapiga kwa hasira. Soulé kapita kuniuliza kama rangi nyekundu imebaki. Kwa nini? Jirani yake ambaye hatukumfikia anataka apakiwe na yeye mstari. Nikamwambia Jumuiya si saluni. Baadaye nilikaa nikafikiri kwa nini mtu atake mstari. Nikaacha kufikiri, maana nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Jumapili, 25 Aprili

Ndzuani hawakutia sahihi mkataba. Redio imesema saa saba mchana. Saa tisa vijana walikuwa barabarani, na saa kumi tulisikia bati la kwanza likivunjwa. Duka la fundi cherehani, Mndzuani, upande wa chini wa mtaa wetu. Walimtoa na cherehani yake wakaivunja juu ya mgongo wake. Anasema muuza samaki, aliyekuwapo.

Nilimwuliza, wamemjuaje? Fundi yule kaishi hapa tangu mtoto, anasema Kingazidja kuliko mimi.

Muuza samaki alinitazama kama mjinga. "Si mmempaka manjano mlangoni, bweni?"

Jumatatu, 26 Aprili

Sijui nianzie wapi, basi nianze na kikwangulio.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimgongea Soulé Itsandra. Amekuja na vikwangulio viwili na chupa ya tapentaini, amevaa shati kinyume. Nitasahau mengi ya mtu huyu lakini hili sitalisahau, kwamba alikuja. Tulianza mlangoni kwa Zaitoun. Rangi ya mafuta, mikono miwili, imekunywa mbao miezi mitatu. Tapentaini ikaitandaza tu. Tulipokwangua mpaka ubao, pakabaki shubiri moja nyeupe, safi, inayopiga kelele kuliko manjano yenyewe.

"Rangi nzuri," Soulé kasema. Nilitaka kumpiga, kisha nikaona analia.

Akasema basi, tupake nyekundu juu ya kila manjano. Hatukuwa na nyekundu ya kutosha. Nikaenda nyumba za Wangazidja kuomba tukwangue mistari yao pia, ili mtaa mzima uwe na kidonda kimoja. Nyumba ya kwanza mama akafunga mlango. Nyumba ya pili baba mtu mzima, tuliyekula naye Idi, akasimama mbele ya mwimo wake na panga.

"Usiguse. Huu sasa ndio unanilindia watoto."

"Mzee, nimeupaka mimi!"

"Basi ulipaka vizuri. Uache."

Kufika adhuhuri watu walikuwa wanajipakia wenyewe. Rangi ya kucha, damu ya kuku, mafuta ya mawese, kitu chochote chekundu. Nimeona mwanamke akisugua mwimo kwa nyanya. Na kila mwimo mpya uliotiwa nyekundu uliiacha manjano peke yake zaidi. Tulifika nyumba kumi na moja kati ya arobaini na sita. Ya kumi na mbili ilikuwa tayari inawaka, mvua inanyesha na paa linawaka. Mlangoni mume alikuwa amelala kifudifudi, kisogo kimefunguka. Mkewe alikuwa amekaa kando yake anamfukuzia mbu.

Zaitoun nimemleta kwangu. Mara hii hakubisha.

Jumanne, 27 Aprili

Nimekwenda kwa Chadhouli, nyumba ya tano kutoka bangweni. Nilimkuta amevaa suti yake ya shule, amekaa barazani, daftari mkononi, na mstari wa manjano mwimoni, usawa wa bega lake.

"Ingia kwangu, fundi, mwalimu wangu. Nakuomba."

"Nikikimbia nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni ule mstari."

"Kubali! Kubali leo, ukatae wiki ijayo!"

"Ni watoto wangu. Nitawaambia warudi makwao, watarudi."

Nilimvuta mkono. Alinitoa vidole kimoja kimoja, kwa adabu. Nilimwita mpumbavu mbele ya mlango wake.

Jumatano, 28 Aprili

Walikuja baada ya alasiri, kama mia hivi. Mapanga, nondo, mipini ya majembe. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, mtaa wote unang'aa. Kutoka dirishani naliona bangwe lote.

Chadhouli alisimama akawaita kwa majina. Nilisikia majina, moja baada ya jingine, kama anaita orodha darasani. Wa mbele walisita. Kweli walisita, naapa. Wa nyuma wakasukuma. Jiwe likampiga mdomoni, akakaa, akasimama tena, akaendelea kuita majina kwa mdomo uliojaa damu mpaka haikueleweka anamwita nani. Walimpiga kwa mipini. Mpumbavu ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu akiwa na meno yote. Aliyempiga nondo ya taya alikuwa wa kwanza kidato cha nne, nilimfundisha kuchora. Walimburuza mpaka mferejini wakamwacha, na nyumba wakaitia moto pamoja na madaftari yote ya utafiti, yote yalikuwa kwake.

Kisha wakaja njia yetu. Chumba cha Zaitoun walikivunja, kile chenye shubiri nyeupe. Hakukuwa na mtu. Wakaanza kuulizana.

Zaitoun alikuwa ndani kwangu, nyuma ya pazia la chumba cha kulala, amekaa sakafuni. Nilimfunika na marobota ya nguo. Nikasikia mlango. Nikafungua mwenyewe, maana mlango ukivunjwa wanaingia, ukifunguliwa huenda wakabaki nje.

Alikuwa yule yule, wa nondo. Alivua kofia.

"Kwezi, mwalimu."

"Mbona," nikaitikia, ndiyo marahaba ya kwetu. Mdomo uliitikia wenyewe, miaka ya kuamkiwa.

"Tunamtafuta yule mwanamke wa Mutsamudu, wa nyumba ya nne. Kwako kuna mstari mwekundu, hatutaingia. Tunauliza tu."

"Amekwenda bandarini tangu jana."

Akaitikia kwa kichwa. Wenzake wakageuka. Yeye akabaki kidogo, akaugusa mwimo wangu kwa kidole. "Ni wewe uliyepaka mtaa mzima, mwalimu?"

"Ni mimi."

"Ahsante," kasema. "Bila hii tungewaumiza na wasiohusika."

Wakaenda. Nilifunga mlango nikakaa chini nimeuegemea mpaka magharibi. Zaitoun yu hai. Naandika tena: Zaitoun yu hai.

Alhamisi, 29 Aprili

Boti ya kuwarudisha Wandzuani imeondoka adhuhuri. Watu walisimama kwenye gati na vitanda, kuku, mashine za kushonea, watoto wamefungwa kwa leso wasipotee. Askari walikuwa wanatazama tu.

Chadhouli, aliyetolewa mferejini usiku yu hai, alibebwa kwenye mlango uliong'olewa. Taya imefungwa kwa shali, jicho la kushoto limeharibika. Soulé alishika ncha moja ya mlango. Niliinama nikamwambia fundi anisamehe. Jicho lililobaki lilinitazama, likahama.

Zaitoun alikuwa amelivaa shiromani lake. Alisimama na furushi lake mbele ya ngazi ya boti na mimi nilikuwa nimeshika upande mmoja wa furushi, sitaki kuliachia.

"Niambie neno," nikasema.

"Umeniokoa. Mungu akulipe."

"Hilo siyo neno. Nililolisema mlangoni nilisema ili waondoke."

"Najua. Uongo wako wa bandarini niliusikia, uliusema vizuri, na ninaishi kwa sababu yake." Alilivuta furushi taratibu mpaka likawa lake lote. "Lakini alipokuuliza kama ni wewe uliyepaka, Djaouharia. Hapo hukuwa unaniokoa. Nilikuwa nyuma ya pazia, sikukuona uso. Nilisikia sauti. Ulifurahi."

Akapanda.

Ijumaa, 30 Aprili

Wanajeshi wamechukua serikali. Redio inapiga muziki wa gwaride. Mitaani kimya, watu wamekwenda kuswali Ijumaa.

Nimekaa na daftari hili tangu asubuhi kutafuta jinsi ya kuandika kwamba Zaitoun amekosea. Nimesoma nilivyoandika juzi, kila kitu kipo, nondo, kofia, majina aliyoyaita Chadhouli. Kitu kimoja nilikiruka. Kijana yule, kabla ya kusema ahsante, alipitisha kidole juu ya mstari wangu toka juu mpaka chini, akasema, "Umenyooka kweli, mwalimu. Yote imenyooka." Na mimi, na Chadhouli yuko mferejini, na Zaitoun yuko hatua nne nyuma yangu chini ya marobota, nilimjibu, "Kwa rula."

Niliona fahari. Ilikuwa muda wa kufumba jicho, lakini niliiona, na alikuwapo mtu mmoja wa kuisikia.